Papa wa Kibosho

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilijifunza kupiga mbizi Unguja, nikarudi Moshi kichwa kimevimba. Nikajiunga na jukwaa la wapiga mbizi mtandaoni, nikilifungulia kwenye intaneti kafe moja mtaa wa Soweto, palepale Moshi. Kila mwanachama alikuwa na picha ndogo kando ya jina lake. Mimi nilichagua papa, meno yote nje. Kusema kweli, ndani ya maji nilikuwa nashtuka hata nikipitiwa na samaki wa kitoweo, lakini nani angejua, nami niko huku kwenye migomba?

Siku moja tukaulizwa kwa nini kila mtu alichagua picha yake. Nikaandika kwamba papa harudi nyuma. Mzee mmoja wa Uholanzi, mwenye picha ya kasa, ndiye aliyekuwa akinielekeza kwa subira tangu nijiunge. Akanitania kwamba kwa maswali yangu yale, alinidhania dagaa. Hasira zangu ziko karibu. Nikamjibu kuwa yeye alichagua kasa kwa sababu ni mzee, mzito, na safari yake imekaribia kuisha.

Akajibu kwa mstari mmoja tu. Picha ya kasa yule aliipiga mkewe, mara ya mwisho walipozama pamoja kabla hajafariki.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sikuwa na rafiki mwingine mle, na nilitaka sana anisamehe.

Kwetu Uchaggani, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye hawezi kulikataa. Basi nikamwondoa papa, nikaweka picha ya isale la uani kwetu Kibosho, nikakaa kusubiri msamaha. Wanachama wakaanza kubishana ule ni mwani wa aina gani. Mmoja akaapa kwamba aliwahi kuuona Ufilipino. Mzee wa kasa alikaa kimya, nami, bila haya, nikaanza kumkasirikia upya. Mtu gani anakataa isale?

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikampelekea baba mashtaka yangu. Alinisikiliza huku akikata majani ya ng'ombe, hakunikatiza hata nilipofika kwenye mwani. Nilipomaliza akaweka panga chini.

"Ulipomtukana, ulimtumia jani?"

"Hapana, baba. Nilimwandikia."

"Basi mwandikie."