Nilimngojesha Tata Ilunga

Kuna siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyopewa diploma yangu. Ilikuwa Jumapili mchana, kwenye mgodi wa Musonoi huko Katanga, miaka ile nchi yetu ikiitwa Zaïre. Nilikuwa nimevaa nguo mpya kutoka shingoni hadi miguuni, nikienda kwa jirani yetu kumpa habari njema. Nitakueleza yote kwa utaratibu, maana huenda na wewe una wazo zuri ulilolilaza mwaka mzima, ukisema bado kidogo.

Kwanza ujue anayekuambia haya ni nani. Mimi sikurithi kitu. Baba yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, akafariki nikiwa na miaka kumi na mmoja, na wanaume wa cité yetu, ule mtaa wa wafanyakazi, ndio waliobeba jeneza lake. Shule nilijisomesha kwa kuuza makaa. Nikaenda Lubumbashi, nikalala chumba kimoja na watu sita, nikarudi na diploma ya serikali. Katika mtaa wetu hakuna kijana aliyekuwa amerudi na karatasi kama ile kabla yangu, na nasema hivyo bila haya kwa sababu niliitolea jasho. Kampuni ya mgodi ikanipa ukarani katika ghala la mafuta na vipuri. Kila asubuhi nilipita mtaani na kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu, na akina mama waliwaonyesha watoto wao.

Wazo lenyewe lilinijia pale ghalani. Mapipa yote ya mafuta yalifanana, ila maandishi yaliyopakwa rangi ubavuni, na yote kwa Kifaransa. Wanaume walioshika mashine kubwa kuliko nyumba walisimama mbele ya mapipa wakiniuliza, "Diplomé, ya breki ni gani?" Nikaanza kuhesabu maneno waliyoyahitaji. Hayakuzidi arobaini: mafuta, grisi, breki, simama, hatari, funga. Nikajiambia, mtu akijifunza kusoma maneno haya, ambayo mikono yake inayajua tayari, atakuwa amepata karibu herufi zote, na mengine yatafuata. Nifungue darasa la watu wazima, saa tisa, baada ya zamu ya asubuhi. Nisiwape vitabu vya watoto, niwape maneno ya kazi yao. Nimefundisha maisha yangu yote, mwanangu, na mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo.

Mtu wa kwanza kulisikia alikuwa jirani yetu Tata Ilunga; tata ni baba, ndivyo tulivyowaita wazee. Alikuwa ametoka kaskazini mwa Katanga zamani, na kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kupaka grisi kwenye peli, ile mashine kubwa inayochota udongo shimoni. Alikuwa mmoja wa wale waliombeba baba yangu. Alasiri moja alikuja kwetu, mama akampa kiti.

"Babandika karatasi kwa bureau," akasema. "Peli mupya inakuya. Banatafuta machiniste wa kuiendesha. Mi najua ile mashini, hata mama yako anajua vile minaijua."

"Najua vile unaisemeaka," mama akasema. "Hata kwa misa unaisemea."

Tata Ilunga hakucheka. "Lakini egzame ni ya kusoma. Iko myezi tatu. Kisha hii hapana ingine kwa miye, juu myaka yangu inapita. Kama sikupata sasa, nitakufa na grisi mu mikono."

Nikamweleza habari ya darasa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasimama. "Basi tuanze kesho."

"Kesho hapana, Tata. Kwanza nitengeneze projet."

"Projet njo nini?"

"Ni karatasi ya kuelezea wakubwa lile darasa."

"Mi niko hapa. Nielezee miye."

Mama aligeuza uso asionekane akicheka. Mimi nilitabasamu kama wanavyotabasamu wasomi, nikamwambia avumilie kidogo.

Nilinunua daftari la mistari, nikaiandika projet ile kwa Kifaransa safi, kurasa kumi na nane. Nikaona kichwa cha habari hakikukaa katikati, nikanakili upya. Nikabadili utangulizi, nikanakili tena. Mama alipita nyuma yangu akasema, "Hii kayé yako itapita egzame mbele ya Ilunga." Nikamjibu kwamba mambo ya shule yana taratibu zake.

Kisha nikasema nangoja ruhusa ya shefu wa cité, na shefu alikuwa amesafiri. Aliporudi alisoma ukurasa wa kwanza tu, akanirudishia daftari. "Kufundisha bantu kusoma, unataka nikupe ruhusa gani? Chukua kile chumba nyuma ya kantini. Kiko wazi."

Nilitoka pale, mwanangu, na badala ya furaha nilisikia hofu, kwa sababu sikuwa tena na wa kumsingizia. Ndipo nikaikumbuka abakosti. Wewe hukuziona siku zile: tai ilikuwa imekatazwa, na mtu wa heshima alivaa abakosti, koti lenye kola bila tai, lililofungwa vifungo mpaka juu. Nikajiambia, mwenye diploma hawezi kusimama mbele ya watu akiwa na shati la ghalani. Nikapeleka kitambaa kwa fundi wa cherehani kule Dilala. Fundi alikuwa na nguo za harusi mbili mbele yangu. Sikumharakisha.

Acha nikuambie ukweli ambao sikumwambia mtu wakati ule. Haikuwa projet, wala ruhusa, wala abakosti. Niliogopa. Wale walikuwa baba zangu. Nitasimamaje mbele ya mtu aliyebeba jeneza la baba yangu, nimwambie, "Umekosea, futa"? Na kama watanicheka? Na kama baada ya wiki mbili hakuna hata mmoja atakayejua kuandika jina lake, diploma yangu itakuwa ya nini? Wazo likiwa bado daftarini lilinipa sifa tu. Likitoka nje lingeweza kunipa aibu.

Tata Ilunga alikuja ghalani kuchukua grisi. "Diplomé, tunaanza?"

"Wiki ijayo, Tata."

Akaja tena baada ya wiki mbili. "Diplomé, ile wiki haiyafika?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao.

Mara ya tatu hakuuliza. Alisimama mbele ya pipa, akiifuata herufi ya kwanza kwa kidole, polepole, kama mtu anayepapasa jeraha. Nilimwona. Nikainamia rejista yangu.

Abakosti ilikamilika Jumamosi moja. Kwa hesabu yangu zilibaki siku kumi kabla ya mtihani, nami nikaamini zingetosha. Jumapili, baada ya misa, nikaivaa, nikaenda kwa Tata Ilunga. Nilimkuta nje ya mlango wake akikwangua tope kwenye buti kwa kisu.

"Tata, darasa linafunguliwa kesho saa tisa."

Hakuinua macho. "Peli ilifika mbele ya siku yake. Egzame tulifanya juzi."

Nikauliza ilikwendaje, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua.

"Kwa mashini, yule mwenye alinipima alitikisa kichwa, alifurahi. Kisha akanipa karatasi. Mustari ya kwanza nilijaribu, juu kuko herufi nilijifundisha kwa mapipa. Mustari ya pili, neno moja murefu likanikatala. Nikasimama pale. Akangoja, akangoja, akaniambia, asante, baba, rudi kwa kazi."

Nikaanza kuomba msamaha. Nikataja shefu aliyesafiri, nikamtaja fundi wa Dilala. Akaweka kisu chini.

"Mi najua hauna roho mubaya," akasema. "Hukuninyima. Uliningojesha. Kwa miye inakuwa kitu kimoja."

Akasogeza buti kando, akanitazama.

"Uliogopa sisi bazee tutakucheka?"

"Ndiyo, Tata."

"Tungekucheka. Kisha tungeandika."

Aliingia ndani, akarudi na bonge la pemba, ule udongo mweupe, akasimama mbele ya mlango wake uliopakwa rangi ya kijani. Akachora neno lile lililomshinda, herufi moja moja, jinsi macho yake yalivyolishika. Lilikuwa limepinda na lilipungukiwa herufi, lakini nililitambua. *Verrouillage.* Ni kule kuifunga ndoo ya peli kwa chuma ili isimwangukie mtu anayepaka grisi chini yake.

Nikamwambia maana yake. Alilifuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Hii?" akasema. "Hii minafanyaka kila siku, na hii mukono."

Kisha akanipa lile bonge. "Andika yote yenye kubakia, ile maneno yako arobaini. Nataka kujua ile karatasi ilikuwa inaniuliza nini."

Nikapiga magoti pale, na abakosti yangu, nikaandika kwenye mlango wa mzee, sina projet wala ubao. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza. Kesho yake nyuma ya kantini walikuja wanaume tisa. Walinicheka kweli, hasa nguo yangu. Kisha wakaandika. Kabla mwaka haujaisha walizidi hamsini, na kutoka darasa lile walipatikana wenye kuendesha peli, na mmoja akawa kiongozi wa zamu. Mimi nikapanda mpaka nikawa mkuu wa shule, na shule niliyoianzisha mwenyewe Dilala ina madarasa kumi na mawili ya matofali ya kuchoma. Najivunia hayo yote. Lakini Tata Ilunga alistaafu akiwa bado mtu wa kupaka grisi, na hakuna tofali lolote linaloweza kurekebisha hilo.

Basi nisikilize. Wazo zuri si mali yako peke yako. Kuna mtu analihitaji ambaye ana siku zake zinazohesabika, na hutaambiwa zimebaki ngapi. Ukijikuta unapanga upya kitu ambacho jana kilikuwa kimekwisha kupangika, jiulize unaogopa nini, ulitaje jina lake, kisha uanze hivyo hivyo ukiogopa. Mashaka hayakuniishia mezani. Yaliniishia watu tisa walipokwisha kunicheka. Anza na mtu mmoja, na kile kilicho karibu na mkono wako, leo kabla jua halijashuka. Makosa utayasahihisha ukiwa njiani. Ucheleweshaji hausahihishwi.

Nenda, mwanangu. Mungu aitie nguvu mikono yako kabla moyo wako haujapata sababu nyingine. Akupe watu wa kukucheka mapema na kukushukuru baadaye. Na yule anayekungojea, akujalie umkute bado anangoja.