Mwezi Uliokatika

Mama alikuwa akisema nahangaika kama kuku anayetaka kutaga, na miaka ile ya hamsini hakuwa amekosea. Nilikuwa karani wa mizani kiwandani Ramisi, napima miwa kutwa, akili yote iko juu. Fundi mkuu, Mhindi mpole, alikuwa ameniazima darubini yake. Alinionyesha milima iliyo ukingoni mwa mwezi, akaniambia mingi haijapewa jina. Tangu hapo sikutulia. Nilinunua kamera, nikawa naibana kwenye tundu la darubini, naipiga picha ile milima kabla hajatokea wa kuipa jina.

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, jua lilipokwisha kuzama, niliuona mwezi mwandamo juu ya mashamba ya miwa. Ulikuwa mwembamba mno, umekatika vipande vitatu: milima yangu ilikuwa imeuziba mwangaza. Nilipiga picha moja, nikakimbilia msikitini hata sijafuturu.

"Ulikuwaje?" shehe aliniuliza mbele ya watu.

"Umekatika, shehe. Vipande vitatu."

"Uliuona kwa macho matupu?"

"La. Kwa darubini."

Watu walicheka. Shehe hakucheka, alisema tutakamilisha thelathini. Nilishikwa na hasira na haya kwa pamoja. Kwangu mimi kesho ilikuwa Idi, na siku ya Idi haifungwi, basi mchana nilijifungia chumbani nikala muhogo. Mama alinifumania. Aliurudisha mlango, akaenda zake jikoni.

Filamu ilipelekwa Mombasa kusafishwa. Kila nikirudi kazini Mama aliuliza, "Ile picha imekuja?" Nilimjibu kwa ukali, nikidhani ananisuta.

Ilikuja baada ya wiki nyingi. Milima ya siku nyingine ilitoka safi, hata vivuli vyake. Picha ya jioni ile ilikuwa mstari mmoja mweupe uliotikisika, hauna kipande wala mlima. Ilikuwa papara yangu tu; mkono ulikwisha kukimbilia msikitini kabla ya miguu. Mama aliishika kwa muda mrefu, akaniuliza mwezi ulikatikia wapi. Sikuweza kumwonyesha.

Kesho yake mchana nilimkuta jikoni. Alinipakulia wali, yeye mwenyewe akakaa.

"Mama, huli?"

"Nimefunga. Nalipa siku moja."

"Siku gani?"

"Ile uliyokula muhogo. Na mimi nilikula, mwanangu, kwa sababu ulisema umeuona."