Kompyuta Nyuma ya Pazia

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Nyamwaga, na kompyuta ya nyumbani ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mlinzi tu. Nilirudi kutoka chuo na shahada, bila kazi, na hofu zangu zote zilizokosa pa kukaa zikahamia kwenye ile kompyuta.

Sababu ilikuwepo. Walimu wenzake walikuja na flashi zilizokwisha kuzunguka kila mahali, kwenye vibanda vya kurekodi nyimbo, kwenye stationeri za Tarime mjini, kwenye redio za bodaboda. Siku moja mtihani wa darasa la sita alioutunga kwa taabu ukageuka vialama visivyosomeka. Mama aliuandika upya bila kulalamika. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nikaweka programu ya kuzuia virusi, nikamfungulia akaunti isiyoruhusu kitu kujisakinisha chenyewe, nikapiga marufuku flashi za wageni, nikabandika plasta juu ya kamera.

"Tata," aliniita. Ni baba kwa Kikurya, kwa kuwa nina jina la baba yake. "Sasa hicho kidonda kitapona lini?"

Alinitania hivyo kwa muda mrefu, ndiyo maana nilifurahi siku aliponiuliza kama inawezekana kusoma kitu mtandaoni bila atakayefungua kompyuta baadaye kujua. Hatimaye, nikadhani, kuna mtu nyumbani anayeogopa pamoja nami. Nikamwonyesha namna ya kufungua dirisha la faragha. Nikamweleza kwamba tovuti yenyewe itajua umefika, na kampuni ya simu nayo itajua, lakini ukilifunga dirisha, kompyuta inasahau ulikopita. Mtu wa nyumbani hataona kitu.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Haukupita muda akaihamishia kompyuta chumbani kwake. Alisema sebuleni kuna vumbi na kuku. Baba alikuwa kazini kwenye hoteli moja ya watalii karibu na lango la Ikoma la kuingilia mbugani, akija nyumbani mara chache, kwa hiyo chumba kilikuwa cha mama na mdogo wake, mama mdogo wangu, aliyekuja kumsaidia kazi za nyumbani. Nilikubali haraka. Wageni wenye flashi wasingeifikia tena.

Ila na mimi nisingeifikia. Kwetu kijana akishatahiriwa haingii chumba anacholala mama yake, na mimi nilikuwa nimeshavuka hapo zamani. Basi kila Jumamosi niliweka kiti nje ya pazia la mlango wake, nikawasha intaneti ya simu yangu, na kumwelekeza kwa mdomo namna ya kusasisha programu.

"Umeona alama ya ngao?"

"Nimeiona."

"Ina rangi gani?"

"Ya kijani. Sasa nyamaza, inafanya kazi." Kisha, baada ya kitambo, "Tayari."

Siku nyingine aliniomba tu niwashe intaneti. Nikakaa nje nikitazama bando linavyoisha, nikiwaza. Niliwaza tapeli aliyejifanya wa benki. Niliwaza kwamba anataka kuuza migomba ya nyuma ya nyumba. Niliwaza kwamba kuna mwanaume. Jioni moja nilishindwa kuvumilia nikamuuliza kupitia pazia kama kuna mtu yeyote mtandaoni anayemwomba neno la siri. Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameanza kufagia uwanja akiwa amekaa kwenye kigoda, na hilo nililiona, nikadhani ni mgongo.

Alipopelekwa hospitali ya rufaa, hakurudi akiwa hai. Daktari alimwambia baba kwamba ni ugonjwa wa kizazi, na kwamba ulikuwa wa siku nyingi. Baba aliniambia kwa maneno machache, akitazama pembeni. Tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Wageni walipotawanyika, mama mdogo aliitoa kompyuta akaiweka mezani sebuleni. Niliifungua nikijua ninachotafuta. Kama ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, je, alijua? Nilitafuta kwenye orodha ya kurasa alizotembelea, kwenye vitu vilivyopakuliwa, kwenye kila kona niliyojifunza kuitafuta. Kulikuwa na mitihani yake na tovuti ya matokeo ya darasa la saba. Zaidi ya hapo, hakuna. Ngao ilikuwa ya kijani. Programu aliisasisha mwenyewe kabla ya kuondoka, kwa intaneti aliyoniomba, bila kuniuliza hatua hata moja.

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unatafuta nini humo?"

"Kama alijua."

Alivuta kiti, akakaa, akaishika kanga yake kwa mikono miwili. "Alijua. Alikuwa ananisomea, mimi nimelala pale pembeni. Akimaliza anafunga, ananiambia sasa imesahau."

"Mbona hakuniambia?"

"Ugonjwa wa huko unamwambia mtoto wa kiume?" Alisema kwa upole. "Na wewe, baba. Virusi vya flashi tu vilikunyima usingizi."

Nimelirudia sana jibu lake tangu siku ile, nikiligeuza, nikitafuta mahali ambapo si kweli. Najiona nimekaa kwenye kile kiti, mkono mmoja umeshika simu, nikiuliza rangi ya ngao, na yeye yuko hatua chache ndani, anasoma habari za kifo chake kwa bando langu na kunijibu kwamba ni kijani.

Jumamosi iliyofuata nilikaa mezani nikaisasisha kompyuta. Ilipomaliza nikasema "tayari" kwa sauti, nimegeukia chumba chake. Pazia lilikuwa limetolewa likafuliwa, lipo kwenye kamba nje. Mlango ulikuwa wazi, kitanda kinaonekana, na tangu mama mdogo ahamie chumba kingine, hakuna aliyekuwa akilala mle tena. Bado sikuingia.