Jani Lisilobakiza Tone

Harufu ya zafarani ikinifikia, situlii. Natoka kwenda uani kupapasa majani ya magimbi. Utotoni, kule Kigombe, mama aliugua sana, bibi akaleta kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ili mgonjwa anywe. Nikakimbilia kikombe.

"Kikombe hubakiza, mjukuu wangu. Kakate jani la gimbi."

Maji ya manjano yakaviringika juu ya jani kama shanga, yakateremkia mdomoni mwa mama. Nikalipapasa jani: kavu, halikubaki hata tone.

"Bibi, amekunywa yote! Atapona!"

"Inshallah," akasema, akaugeuza haraka mto wa mama. Lakini nilikuwa nimeshaiona rangi ya manjano ikienea kwenye foronya.