Majani ya Njano Nyumbani kwa Ya Kizito

Siku niliyogundua kwamba Mungu alishanijibu miezi saba nyuma, nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji yaliyooza, ghorofani, katikati ya ndoo arobaini za bangi.

Usicheke. Mimi mwenyewe sikucheka.

Ilikuwa mwaka 2004, Edmonton, ugenini kwa Waingereza. Naitwa Chancelle, mtoto wa Uvira, Kongo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na binti mmoja, Myriam, wa miaka mitatu.

Tulikuwa tunasubiri barua ya Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji: tukubaliwe ukimbizi au turudishwe.

Aliyewahi kuisubiri barua ile anajua. Huruhusiwi kazi, huwezi kupanga nyumba, hata ndoto unaiota kwa woga. Wakili wangu alikuwa amefunga ofisi, kapotea na simu yake. Kwa hiyo maisha yangu yote yalining'inia kwenye anwani moja tu: nyumba ya Ya Kizito, yaani Kaka Kizito kwa kwetu, na mkewe, Maman Thérèse.

Walinichukua kutoka kanisani. Walinipa chumba cha chini, mimi na mtoto. Nami nikawapikia, nikawafulia, nikawapigia pasi. Sikuona shida. Ugenini unashukuru hata kwa kona.

Na Maman Thérèse alinipenda, jamani. Kila Ijumaa tulifunga pamoja. Jioni tunapiga magoti jikoni, anatoa orodha yake ya maombi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu, ananishika mikono.

"Baba, fungua mlango wa Croydon! Mkumbuke mtoto wako Chancelle!"

Analia yeye, nalia mimi.

Jumanne jioni nilikuwa na darasa. Bure, la bustani. Mwalimu wetu alikuwa Champa, mama wa Kihindi wa Queensbury aliyezaliwa Nairobi. Siku aliyonisikia namkaripia Myriam kwa Kiswahili, alidondosha mkasi.

"Kumbe wewe ni wa kwetu! Kaa hapa mbele."

Champa alikuwa na sheria moja. Mmea ukiugua, hakuruhusu uguse jani kabla hujainua chungu.

"Jani ni mdomo tu, linalalamika. Ugonjwa uko chini. Inua, pima uzito, nusa. Halafu ndiyo uniambie."

Niliandika yote kwenye daftari. Daftari hilo ndilo Ya Kizito aliliona mezani.

"Dada Chancelle, kumbe unasomea udaktari wa majani?"

"Kidogo tu, Ya Kizito."

"Njoo juu. Nina wagonjwa."

Ghorofani kulikuwa na chumba ambacho sikuwahi kukifagia. Daima kilifungwa. Maman Thérèse aliniambia ni mizigo ya kanisa.

Akafungua. Joto likanipiga usoni. Taa kubwa kama za uwanjani, feni zinavuma, madirisha yamezibwa kwa karatasi ya foili inayong'aa.

Na bangi. Mimi nimetoka Kongo, sihitaji kuambiwa bangi ni nini.

"Ya Kizito, mimi hapana. Nina mtoto."

Hakupandisha hata sauti. Alitabasamu.

"Ndiyo, una mtoto. Na barua yenu itakuja kwenye mlango wangu. Polisi wakija, nitasema chumba ni chako. Nani ana daftari la mimea humu ndani? Ni mimi?"

Nikavuka kizingiti.

"Haya, daktari. Wanaumwa nini?"

Nikatazama. Majani ya chini yalikuwa ya njano, mengine yameshaanguka. Ya juu yamelegea kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Ncha zimeungua, za kahawia.

"Zina kiu," akasema Kizito. "Kila siku nazinywesha, bado zina kiu. Mbolea pia nimeongeza."

Nikainua ndoo moja. Nzito kuliko Myriam. Nikanusa chini: yai bovu.

"Hazina kiu. Zinazama. Ndoo zako zimekaa kwenye maji, mizizi haipumui. Mbolea nayo inaziunguza. Unamlisha kwa nguvu mtu anayezama."

Akacheka mpaka akajishika tumbo. "Thérèse! Njoo umsikie huyu!"

Maman Thérèse alikuja, akasimama mlangoni na aproni. Hakushtuka. Hapo nikajua kwamba mizigo ya kanisa aliijua vizuri sana.

"Wasaidie tu, mdogo wangu," akaniambia kwa upole. "Mungu ataona."

Basi nikawa daktari. Kwa majuma matatu nilitoboa matundu, nilikata mizizi iliyooza, laini kama kamasi. Kila ndoo nikaiinua juu ya vipande vya mbao. Majani mapya yakaanza kutoka, ya kijani safi. Nikawa na aibu, maana moyo ulifurahi. Hata mmea wa dhambi ukipona unafurahisha.

Lakini chini, kwetu, dari ililowa. Lilitokea doa jeusi juu ya kitanda. Myriam akaanza kukohoa, kikohozi cha kifua.

"Mummy, it's raining on me," akaniambia asubuhi moja, yaani mvua inamnyeshea. Mto wake ulikuwa umelowa.

Nikamwendea Kizito. "Sinia lako kubwa la plastiki, lile la chini ya ndoo, linafurika. Maji hayafiki bafuni. Bomba limeziba."

"Zibua. Si wewe fundi?"

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya ndoo ya mwisho, penye tundu la bomba. Nikavuta. Karatasi. Kizito alikuwa ametandika karatasi kuukuu zilizorundikwa jikoni chini ya ndoo zinyonye maji, nazo zilikuwa zimeteleza zikaziba tundu. Matangazo ya pizza. Gazeti. Karatasi ya bahati nasibu.

Na bahasha ya kahawia.

Mgongoni mwake kulikuwa na maandishi mekundu yaliyosambaa kidogo, lakini yalisomeka:

*Maombi ya Ijumaa. 1. Mgongo wa Kizito. 2. Mama kule Bukavu. 3. Karatasi za Chancelle.*

Nikaigeuza. Jina langu. Croydon.

Ilikuwa imefunguliwa kwa mkasi, vizuri, bila kuchanika. Barua ilirudishwa ndani, na karatasi za katikati zilikuwa bado zinasomeka. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha darasa la jioni.

Tumekubaliwa. Mimi na Myriam. Miezi saba iliyopita.

Yaani alisoma jibu, akageuza bahasha, akaandika ombi.

Kisha akapiga magoti na mimi, akalia. Ijumaa karibu thelathini.

Sikupiga kelele. Niliificha barua tumboni, ndani ya nguo. Jumanne nikampelekea Champa. Akaikausha katikati ya magazeti, chini ya vitabu, kama anavyokausha majani. Akaisoma mara mbili.

"Hii ni halali, mwanangu. Nitampigia simu wakili mwingine kwa ajili yako. Chumba changu cha nyuma kiko wazi. Unangoja nini?"

"Jumamosi. Maman Thérèse huwa kwenye kwaya."

Sasa sikiliza nilichokifanya, kwa sababu sitaki unione malaika.

Jumamosi nilipanda juu. Nikaziondoa mbao zote. Nikazirudisha zile karatasi kwenye tundu la bomba, nikazisokomeza kwa kidole mpaka mwisho. Nikazinywesha ndoo arobaini. Zikashiba. Nikaongeza.

Kizito alikuwa sebuleni anaangalia mpira. Nikampitia na begi moja, daftari langu ndani, mtoto mgongoni.

"Nampeleka Myriam kwa daktari, Ya Kizito. Nikichelewa, uzihudumie wewe. Ukiona zinalegea, ni kiu. Ziongezee maji."

"Si ulisema hazina kiu?"

"Zile zilikuwa zinaumwa. Hizi zimepona, zinakunywa sana."

"Sawa, daktari."

Aliniamini. Ndiyo ubaya wa kumfanyisha mtu kazi kwa vitisho: anaishia kuijua kuliko wewe.

Kutoka pale kila kitu kilijiendesha chenyewe. Majani yakalegea, akamwaga maji. Yakawa ya njano, akazidisha. Juma la pili dari ya chumba changu cha zamani ikaporomoka juu ya kitanda, na maji yakapenya ukuta hadi kwa jirani. Jirani akaita watu. Watu wakaita polisi.

Kizito akafungwa. Nyumba ikachukuliwa na mwenyewe aliyewapangisha.

Mwezi mmoja baadaye Maman Thérèse alipata namba yangu kupitia kanisani.

"Chancelle, mdogo wangu. Nalala kwenye sofa za watu. Mgongo umekwisha."

"Uliiona barua yangu, Maman?"

Hakukataa.

"Ungeondoka," akasema. "Nani angebaki na mimi na yale majani? Nilikuwa naogopa peke yangu." Akaanza kulia, kile kilio cha jikoni, nakijua. "Tuombee basi."

"Nitawaandika kwenye orodha," nikasema. "Ijumaa."

Nikakata simu. Nilisikia utamu kooni, na utamu ule ukanitisha kuliko polisi.

Leo Myriam hakohoi. Tuna dirisha letu na chungu kimoja cha mnanaa, chenye matundu matano.

Wewe unayesoma, kama jambo lako linanyauka na kila siku kuna mtu anakumwagia machozi na maombi, acha kutazama majani.

Inua ndoo. Uone huyo mtu amekalia nini.