Jumuiya Niliyoijua Mimi

Juzi nilisikia watu wakibishana redioni kama nchi yetu ijitoe kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Muhuru Bay, ufukweni upande wa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Omena, yaani dagaa wa ziwani, ilinuka juani, na wachuuzi walikuwa wakifokeana. "Tutoke kwa hii Jumuiya! Watanzania wakae kwao!"

Mimi nilijua jumuiya moja tu, ile ya kanisa iliyosali nyumbani kwetu. Nikamkimbilia Neema, rafiki yangu wa pekee, ambaye mama yake alitoka Tanzania, na wote wawili walisali nasi.

"Wamesema msikuje tena kusali," nikamwambia.

"Hata wewe umesema hivyo?"

Niligeuka nikakimbia kurudi nyumbani.

Nchi haikujitoa, lakini Neema na mama yake hawakuja tena, nami nikawa nasali peke yangu kwenye mkeka tuliozoea kukalia wawili.