Bize, na Zabibu za Baba

Nakumbuka siku moja niliyojiona msomi kuliko wote Makutupora, na ndiyo siku niliyofanya ujinga ambao majirani hawajausahau mpaka leo. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo na neno moja la Kiingereza, nalitembeza kama mtu mwenye jogoo mpya: bize.

Mwalimu alitufundisha kwamba husemwa juu ya mtu aliyezongwa na kazi. Hata barabara yenye magari mengi huitwa hivyo, na simu ambayo tayari inatumika. Mimi nililipendea jambo jingine: lilifunga mlango bila kelele.

Kwetu, mwanangu, zabibu zikiiva tulichumiana kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule, maana lori la mnunuzi halimsubiri mtu, na mvua vilevile. Zamu ya jirani yetu Mama Eliza ilipofika, alinipitia, kisu mkononi. Akanikuta nimejilaza mkekani nasikiliza mpira redioni.

"Leo niko bize, mama," nikamwambia.

Akaniangalia, akaiangalia redio, akaenda zake.

Wiki iliyofuata baba akaenda msibani Gulwe, akaniachia shamba. Mawingu yakakusanyika. Zabibu mbivu zikinyeshewa hupasuka, na zikipasuka hakuna anayenunua. Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikitoa shikamoo kwa sauti ya yatima. Kila mlango jibu moja: "Marahaba. Tuko bize." Hata bibi mmoja ambaye Kiswahili chenyewe kilimsumbua, neno hilo alilitamka kunishinda.

Nikachuma peke yangu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mchana Mama Eliza akatokea na wenzake. Hakunigombeza. Alikata vichala kama viwili hivi, ndipo akasema, "Mwenye kazi huitaja, mwanangu. Nalima. Mtoto anaumwa. Nimechoka. Anayesema yuko bize tu, basi anakuficha kitu au hakutaki."

Mvua ikatukuta katikati. Nusu ya zabibu ziliharibika. Baba aliporudi alikula zile zilizopasuka, moja moja. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sisi tulikula kwelikweli.

Sikukatazi neno hilo, mwanangu. Siku hizi Dodoma imejaa maofisi, na wapo watu wenye kazi nyingi kweli. Lakini jirani akikuita, taja kinachokushika. Kama ni usingizi, sema usingizi. Watu husamehe usingizi. Mlango uliofungwa huukumbuka. Na Mungu akujalie kazi unayoweza kuitaja mbele za watu, na majirani wa kukuitikia siku mawingu yakikusanyika.

Ningeendelea, ila Eliza, binti wa yule mama, amesimama dirishani kwangu na kisu chake.

"Mzee Lameki, leo zamu ya shambani kwangu. Zabibu zinaoza, na wewe umejifungia ndani, uko bize kuandika habari za bize."